Funzo la Mfuko: Kazi ya Fundi wa Matangi ya Bahari, Likoni hadi Changamwe

Tangi la bahari ni chombo cha kioo kinachojazwa maji ya chumvi ili kufugia samaki, konokono, viti vya pweza na viumbe wengine wa mwambani, na uhai wake wote hutegemea mashine, kwa kuwa kazi ambayo baharini hufanywa na mawimbi, na maji kujaa na kupwa, na ukubwa wa bahari yenyewe, ndani ya nyumba hufanywa na pampu, chujio na feni. Anayeanza ufugaji huu kwa kawaida hununua tangi na vifaa vichache vya bei nafuu, kisha baada ya miezi michache huona haja ya kuviongeza au kuvibadilisha, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea na samaki wengi hufa. Mwandishi wa tawasifu hii amefanya kazi ya samaki wa mapambo Mombasa bara tangu mwaka 1995, kwanza akiwa mzamiaji Likoni, kisha mtunza ghala la samaki Kisauni, na hatimaye fundi wa kujitegemea anayehudumia matangi ya nyumba na ofisi kutoka Bamburi hadi Changamwe. Na kurasa hizi zinaeleza jinsi kazi hiyo ilivyomfundisha kipi kinunuliwe kwanza na kipi kisubiri.

Biashara ya samaki hai wa mapambo ni ya miaka mingi katika pwani ya Kenya, na hufanywa kwa leseni ya serikali, nje ya mbuga za baharini kama ile ya Mombasa iliyotangazwa mwaka 1986, ambamo hakuna kiumbe kinachoruhusiwa kuchukuliwa. Mzamiaji wa Likoni aliyetoka Shelly Beach kwa mtumbwi alibeba wavu mwepesi wa kuzingira na kimia kidogo cha mkono, akawavua vitatange na kangaja mmoja mmoja bila kuwajeruhi, na wale waliotoka kina kirefu aliwapandisha polepole ili kifuko chao cha hewa kisivimbe na kuwaua. Kazi ilifuata pepo: wakati wa kaskazi maji yalikuwa matulivu na ya kuonekana hadi chini, na wakati wa kusi bahari ilichafuka, mawimbi yakapiga mwamba, na siku nyingi wazamiaji walibaki pwani wakishona nyavu. Kwa kuishi hivyo mwandishi alipata, kabla ya kusoma kitabu chochote, elimu ya msingi ya fani hii, kwamba samaki wa mwambani ni kiumbe aliyezoea maji yanayotembea usiku na mchana na yasiyobadilika ghafla.

Somo kubwa zaidi, hata hivyo, lilitoka katika kufunga samaki kwa ajili ya safari ya ndege. Samaki alinyimwa chakula kwa siku moja au mbili ili asichafue maji, akatiwa katika mfuko wa plastiki wenye theluthi moja ya maji safi ya bahari na theluthi mbili za oksijeni, mfuko ukafungwa kwa mpira na kulazwa ndani ya sanduku la povu gumu linalozuia joto la nje, kisha sanduku likafunikwa na kutiwa giza. Ndani ya mfuko huo hamkuwa na taa, wala jiwe, wala pambo, na bado samaki alivuka mabara kwa saa thelathini na zaidi akafika akiwa hai, ilhali mfuko uliotiwa hewa haba au sanduku lililoachwa juani kwa saa moja lilifika na mizoga. Mambo matatu, yaani hewa, joto tulivu na maji safi, ndiyo yaliyomvusha, na mwandishi alikuja kutambua baadaye kwamba mpangilio wa kuboresha tangi la anayeanza umo wote ndani ya mfuko ule.

Mwaka 1998 bahari ilitoa ushahidi wa jambo hilo kwa namna ya kuhuzunisha. El Niño ilipandisha joto la Bahari ya Hindi, na matumbawe, ambao ni wanyama wadogo wanaojenga mwamba na kulishwa kwa sehemu kubwa na mwani mdogo mno unaoishi ndani ya miili yao, yaliutoa mwani huo, yakawa meupe kama chokaa, na sehemu kubwa ikafa katika pwani yote ya Kenya. Mzamiaji aliyeshuka siku hizo aliona bustani alizozijua kwa miaka zimegeuka makaburi, na chanzo kilikuwa nyongeza ya nyuzijoto chache tu zilizodumu kwa wiki kadhaa. Ikiwa bahari nzima inaweza kuumizwa na tofauti ndogo kiasi hicho, basi tangi la lita 200 katika sebule yenye paa la mabati halina kinga yoyote isipokuwa ile anayoiweka mwenyewe.

Katika ghala la Kisauni, alikohamia mwaka 2003, mwandishi alijifunza upande wa maji usioonekana kwa macho. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaokaa juu ya mawe na mchanga huibadilisha kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine la bakteria huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo ikiwa maji hubadilishwa kwa utaratibu. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha, na ndiyo sababu vipimo vya amonia na nitriti, vinavyouzwa vikiwa vichupa vya dawa ya matone, ni ununuzi wa kwanza kabla ya mashine yoyote. Hapo ghalani pia mwandishi alitenda kosa ambalo hajalisahau: alitia dawa yenye shaba ili kutibu samaki waliokuwa na madoa meupe, bila kuwatoa kwanza konokono na viti vya pweza waliokuwa katika maji yaleyale, na kufikia asubuhi wote walikuwa wamekufa, kwa kuwa viumbe wasio na uti wa mgongo hawastahimili shaba hata kidogo. Tangu siku hiyo hakumruhusu mteja kutumia bomba wala kiungo cha shaba mahali popote maji ya tangi yanapopita, na humshauri kila anayeanza awe na tangi dogo la pembeni la kutibia wagonjwa.

Alipoanza kujitegemea mwaka 2009 alikuta wateja wengi wakifuata maelekezo yaliyoandikiwa nchi za baridi, ambayo huweka hita miongoni mwa vifaa vya mwanzo. Mombasa hali ni kinyume, kwa kuwa maji ya tangi katika miezi ya kaskazi hupita nyuzi 30 za Selsiasi yenyewe, na tatizo ni kuyapoza. Joto likipanda hewa nayo hupungua: lita moja ya maji ya bahari yenye nyuzi 20 hushika takriban miligramu 7.4 za oksijeni, na ikifika nyuzi 30 hushika takriban 6.2 tu, ilhali samaki katika joto hilo huhitaji hewa zaidi. Katika nyumba moja ya Port Reitz, Changamwe, mwandishi aliitwa alfajiri akakuta samaki wote wamepanga midomo juu ya maji wakitweta, taa mpya za bei kubwa zikiwaka juu yao, na hita ikiwa imesahauliwa ndani ya maji. Hita ilitolewa, taa zikazimwa, feni ya mezani ikaelekezwa kwenye uso wa maji, pampu ikainuliwa ili ivuruge uso huo, na kabla ya adhuhuri samaki walikuwa wamerudi chini.

Feni basi ndiyo nyongeza ya kwanza yenye faida baada ya vipimo, lakini inaambatana na wajibu, kwa sababu hupoza kwa kuyageuza maji kuwa mvuke, na mvuke huondoka bila chumvi. Tangi la lita 200 lenye gramu 35 za chumvi kwa kila lita likipoteza lita tatu kwa siku na lisiongezwe kitu kwa wiki nzima hubaki na lita 179, na chumvi hufika zaidi ya gramu 39 kwa lita, kiwango kinachoweza kuwaua viumbe dhaifu. Kinachoongezwa kila siku ni maji matamu, wala si ya bahari, na hapo mkazi wa bara hukutana na shida anayoijua vyema, kwani maji ya bomba huja kwa zamu na visima vingi vya Kisauni na Likoni vina chumvi au vimeingiwa na uchafu wa vyoo. Maji yaliyochujwa kwa mtambo wa utando, yale yanayouzwa mitaani kwa mitungi ya lita 20, hutosha kwa tangi dogo, na mwenye tangi kubwa hufaidika kununua mtambo wake mdogo.

Nyongeza ya pili ni kinga dhidi ya kukatika kwa umeme. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima na sehemu nyingi zikakaa gizani hadi siku ya pili, na miongoni mwa matangi aliyoyahudumia mwandishi, yaliyokuwa na pampu ya betri yalipona yote. Hesabu yake si ngumu: betri ya gari ya volti 12 yenye ampea-saa 70 hubeba wati-saa 840, na ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, pampu ya wati 20 inayotumia volti hizohizo huzunguka kwa saa 21. Fedha za betri hazionekani kwa mgeni anayekuja kutazama tangi, na kwa sababu hiyo wengi huziahirisha hadi usiku wa msiba.

Nyongeza ya tatu ni mashine ya povu, ambayo huvuruga maji kwa viputo vidogo mno ili uchafu laini ugande juu ya viputo, upande pamoja navyo na kumwagika katika kikombe cha juu ukiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Aliyetembea Shelly Beach wakati wa kusi ameliona povu la manjano lililoachwa na mawimbi mchangani, na mashine hii hufanya kazi hiyohiyo. Maji ya kubadilishia huchotwa upande wa bahari wazi yanapojaa, mbali na hori za Tudor na Kilindini zinazobeba uchafu wa mji, na huachwa siku chache ndani ya pipa lililofunikwa kabla ya kutumika, isipokuwa wakati wa masika, ambapo ni afadhali kungoja mvua ziishe. Kwa mawe, mwandishi hutumia mawe ya tumbawe ya nchi kavu, yaliyotoka katika mwamba wa kale uleule unaochongwa matofali ya nyumba za Mombasa. Yakioshwa vumbi na kulowekwa wiki kadhaa hukaliwa na bakteria vizuri, na mwamba ulio hai hauguswi.

Taa kali huja mwisho, kwa kuwa zinahitajiwa hasa na matumbawe, na matumbawe hayang'olewi baharini kwa ajili ya pambo. Matumbawe magumu yote yamo katika Orodha ya Pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Tangi la samaki na konokono hutosheka na taa ya kawaida ya LED kwa saa nane kwa siku, na mwanga unaozidi hapo huzalisha utelezi wa mwani na kuongeza joto.

Anayeanza leo Likoni, Kisauni au Changamwe na anunue kwa mpangilio huu: vipimo, feni, betri, mashine ya povu, kisha taa. Asiyeweza kununua betri na asinunue samaki bado, kwa sababu kiumbe aliyetolewa mwambani hana pa kukimbilia umeme unapokatika, na deni la uhai wake liko juu ya aliyemtoa.