Kunyatia Swala

Wazee wa shule hii watakumbuka kwamba usasi ulipigwa marufuku katika Uganda mwaka 1979. Ulipofunguliwa tena kwa majaribio mwaka 2001, ulianzia kwetu, katika mashamba ya ng'ombe yaliyo kando ya Ziwa Mburo. Sababu yake si ngumu kueleza. Swala na pundamilia hawajui mpaka wa hifadhi. Hula majani ya ng'ombe wetu na kunywa katika mabwawa yetu, na mfugaji asiyepata faida yoyote kwao huwahesabu kuwa wezi. Ilifikiriwa kwamba wasasi wakilipia kila mnyama, na fungu la fedha hizo likirudi kijijini, mfugaji atawavumilia. Baba yangu hajakubali bado.

Likizo iliyopita mjomba wangu, ambaye kazi yake ni kufuata nyayo, alinichukua siku tatu pamoja na msasi mwenye leseni. Kibali kilikuwa cha swala pala dume mmoja tu. (Dume si vigumu kumtambua, maana jike hana pembe.) Kabla ya kuingia porini nilipigishwa shabaha ya karatasi asubuhi nzima, mpaka bega likaniuma. Bunduki huegemezwa juu ya fito tatu zilizofungwa pamoja, na kifyatulio huvutwa polepole, kama unavyomkamua ng'ombe mwenye kidonda cha chuchu.

Siku ya kwanza nilijifunza upepo. Mjomba alikuwa na kifuko cha majivu. Kila baada ya hatua chache alikitikisa, akatazama vumbi linaelekea wapi. Tulitambaa kwa matumbo katikati ya migunga zaidi ya saa nzima, miiba ikitutoboa viwiko. Zilipobaki kama hatua 100 hivi, majivu yakageuka, yakarukia mbele walikokuwa swala. Jike mmoja akapiga chafya, na kundi zima likatoweka. Mjomba alicheka. "Mpwa wangu," alisema, "pua ya yule inafika mbali kuliko macho yako."

Siku ya pili nilipewa bunduki. Dume alisimama hatua 80 kutoka kwetu, ubavu wazi. Nilikuwa nimefundishwa kuufuata mguu wa mbele kwa macho, kutoka chini kwenda juu, mpaka theluthi ya kwanza ya kiwiliwili. Hapo ndipo penye moyo na mapafu. Nilipapata. Lakini nyuma yake, katikati ya majani, niliona masikio mawili. Risasi ya bunduki kubwa huweza kupita mwilini ikaendelea na safari yake, na kama ingempata jike yule tungalikuwa tumeua wawili kwa kibali cha mmoja. Tukangoja. Jasho liliniingia machoni nami sikuthubutu kulipangusa. Masikio hayakuondoka, aliyeondoka ni dume. Mjomba hakusema neno, ila msasi alinipa mkono.

Siku ya tatu, jua likikaribia kuchwa, tulimkuta dume mzee peke yake kwenye mteremko, kilima kikiwa nyuma yake. Nilipiga. Alikimbia kama hatua 30, akaanguka. Mjomba alinishika shati nisimkimbilie, kwa kuwa mnyama aliyejeruhiwa akifuatwa upesi hupata nguvu ya kwenda mbali. Tulikaa kitako robo saa. Tulipomfikia alikuwa amekwisha kufa, macho wazi. Nilifurahi kweli, lakini mikono ilitetemeka hata nikashindwa kufungua chupa ya maji.

Nyumbani kwetu hatuli nyama ya porini. Tumelelewa kwa maziwa. Kwa hiyo nyama yote waligawiwa majirani wanaolima, nao walikuja wengi, kila mmoja na sahani yake, mpaka nikaona haya jinsi vipande vilivyokuwa vidogo. Baba naye alikuja kutazama. Alikiinua kichwa kwa pembe, akaniuliza amelipiwa kiasi gani. Nikamwambia. Akauliza tena ni kiasi gani kitafika kwenye bwawa letu linalovuja. Hilo sikuweza kulijibu, maana fungu la kijiji huamuliwa na kamati.

"Basi ukiwaona wa kamati," alisema, "waambie huyu amekunywa maji yangu miaka mitano."

Kamati itakutana kabla ya likizo ijayo kwisha. Mjomba amenishauri niende pamoja na baba, nichukue na kalamu.