Tulichoandika Mochari

Mwaka 1988 nilikuwa mhudumu wa mochari hapa Kakamega, katika hospitali ya mkoa. Daktari alipopasua maiti, mimi ndiye niliyeandika. Kabla hajashika kisu aliizunguka maiti yote, akinitajia kila jeraha: urefu wake, rangi yake, upande uliko. Nyayo hakuziruka kamwe, maana aliyechapwa nyayoni akivishwa soksi na viatu huonekana mzima.

Siku moja aliletwa kijana kutoka seli ya kituo kimoja cha polisi nje ya mji. Barua iliyokuja naye ilisema amejinyonga kwa shati lake. Daktari aliniita nisogee nione shingo. Mtu akijitia kitanzi na kuning'inia, alama kwa kawaida hupanda kuelekea nyuma ya masikio. Ya kijana huyu ilizunguka shingo sawasawa, kama ukosi. Askari aliyemleta alikuwa kasimama mlangoni.

"Andika tunachokiona, bwana," daktari akaniambia. "Hicho tu, na chote."

Nje, naibu chifu alikuwa akiwahimiza wazee wa ukoo wachukue maiti jioni ileile, kaburi lilikuwa limeshachimbwa nyumbani. Mama mzazi hakuwa akimsikiliza. Alinijia akaniuliza, "Mwanangu, alikufa saa ngapi?" Fomu yetu haikuwa na jibu. Saa iliyoandikwa pale ilikuwa ile waliyoisema polisi wenyewe. Daktari aliposikia hayo, alimpa mama nakala ya kaboni ya fomu ile.

Wako wanaodhani enzi zile hapakuwa na sheria. Ilikuwapo. Kifungu cha 387 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kilimtaka hakimu achunguze kifo cha mtu aliye mikononi mwa polisi. Ila hakimu alingoja faili, na faili iliandaliwa na polisi haohao. Mfanyabiashara Peter Njenga Karanja alipofariki akiwa kizuizini Februari 1987, kifo chake kilizungumzwa hadi nje ya nchi. Huku kwetu, kijana wa shambani alizungumzwa na mama yake. Faili yake sikusikia imesomwa mahakamani.

Katika miaka ya 1990 madaktari wa IMLU, shirika huru la tiba na sheria, walianza kuhudhuria postimotamu kwa niaba ya familia, na sheria ya 2011 ikaunda IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, ambayo polisi hulazimika kuiarifu mtu akifia mikononi mwao. Ni hatua kubwa, nazithamini. Lakini sheria ya kuunda ofisi huru ya kuchunguza vifo ilipitishwa 2017, kisha ikakaa kwenye karatasi miaka na miaka. Juni 2025, Albert Ojwang' alipofia mikononi mwa polisi Nairobi, walisema amejigonga kichwa ukutani. Wapasuaji wakakuta majeraha ya kichwa na shingo iliyokabwa. Bila macho yao, ule ukuta ungekubalika.

Baada ya kustaafu, nilitembelewa na mdogo wake yule kijana, sasa mtu mzima mwenye mvi. Mama alikuwa ameitunza nakala hadi alipofariki. Nilimfafanulia maneno ya daktari mstari kwa mstari. Akauliza kama muda umepita. Nikamjibu kwamba Kenya shtaka la mauaji halina ukomo wa muda. Wiki hiyohiyo alipanda matatu kwenda kutafuta wakili.