Altrasaundi Ilipotoka Chumbani

Nilipokuwa daktari tarajali, altrasaundi ilikuwa na chumba chake, na waliopimwa humo wengi walikuwa wajawazito. Kifua hakikuhusika. Tulifundishwa kwamba hewa huzuia mawimbi ya sauti, na kwa kuwa pafu limejaa hewa, hakuna cha kuona. Majeruhi wa bodaboda akiletwa anahema kwa shida, tulimgongagonga kifua kwa vidole, tukamsikiliza kwa stetoskopu katikati ya vilio vya ndugu, kisha tukamsukuma kwenda eksirei. Safari hiyo niliiogopa mno. Hewa ikinaswa kati ya pafu na ukuta wa kifua, ikawa inaongezeka kila pumzi hadi kuubana moyo, mgonjwa hana muda wa foleni.

Daniel Lichtenstein, daktari wa wagonjwa mahututi nchini Ufaransa, ndiye aliyeng'ang'ania kwamba mwangwi wa pafu, uliodhaniwa kuwa uchafu wa picha, una maana. Mwaka 1995 yeye na mwenzake walieleza jinsi pafu linavyoteleza: kati ya mbavu mbili huonekana mstari mweupe unaokwenda na kurudi mtu anapopumua. Hewa ikiingia kati, mwendo huo hutoweka. Mwaka 2008 akachapisha utaratibu wa BLUE, wa kutafuta kwa altrasaundi chanzo cha mtu kukosa pumzi, na kwa wagonjwa 260 ulitoa jibu sahihi kwa asilimia 90.5.

Kwetu Tanzania, idara ya dharura, mahali inapohitajika mbinu hii, ilifunguliwa katika Hospitali ya Muhimbili 2010. Baadaye vikaja vipimo vya altrasaundi vya mkononi vinavyochomekwa kwenye simu.

Ninapofundisha vijana, huanza na vifua vizima. Wanapakana jeli wenyewe kwa wenyewe, wanatafuta mbavu mbili na vivuli vyake, wanautazama ule mstari hadi jicho lizoee. Mgonjwa baadaye. Na kabla ya kumgusa lazima mtu ataje swali lake: pafu linateleza hapa, au halitelezi? Anayezungusha kipimo bila swali huona mengi asijue lolote. Kisha tunaingia kwenye mistari ya wima inayoashiria pafu lililolowa, na lile giza juu ya kiwambo ambalo ni maji au damu.

Nakazia zaidi mitego. Pafu likiteleza, umeondoa shaka ya hewa pale tu ulipoweka kipimo. Lisipoteleza, usikimbilie sindano bila kumtazama mtu mwenyewe: huenda kovu la kifua kikuu cha zamani limeligandisha ukutani, na makovu hayo kwetu ni mengi. Lakini dalili zote zikiwa wazi na presha inaporomoka, toa hewa, usisubiri picha.

Zamani simu ya usiku ilisema, "Shikamoo dokta, mgonjwa amezidiwa, naomba uje." Sasa kijana huniambia, "Shikamoo dokta, kulia hakuna mtelezo, nimepata mahali pafu linapogusa na kuachana na ukuta, naandaa bomba." Nafurahi kila ninaposikia hivyo, kwa sababu uamuzi umefika kwa aliye kando ya kitanda.

Bado kuna hospitali zinazokifungia kipimo hiki kabatini, na ufunguo unaondoka na mtu saa tisa na nusu alasiri. Hilo ndilo ninalopigania sasa: kikae kwenye toroli la dharura, na chaji yake ikaguliwe kila zamu zinapopokezana, pamoja na dawa na oksijeni.