Mlio wa Kibodi na Vidole vya Mzee

Huenda mkaona ajabu mwalimu kuandika habari za kelele za kibodi, maana ni jambo dogo. Lakini katika jambo hilo dogo tulimkosea baba yetu mzazi, tukapata fundisho; basi twaona si vema kulificha.

Baba alikuwa karani miaka mingi, kazi yake kupiga taipureta. Wenye kuijua mashine ile watakumbuka ya kuwa haikubali mkono mlegevu: nguvu ya kidole ndiyo irushayo chuma chenye herufi, hata kigonge utepe wa wino juu ya karatasi. Kila pigo lilikuwa na mlio wake, na karibu na mwisho wa mstari kengele ililia. Kwa hiyo karani hakuwa na haja ya kutazama vidole vyake. Masikio yalimwambia kwamba kazi yaenda.

Alipokuja kukaa nasi hapa Mwenge, jumuiya yetu ya sala ilimchagua awe mwandishi wake. Tukampa kompyuta yetu na kibodi ya bei rahisi, ile ambayo chini ya herufi zake mna utando wa mpira. Mzee akaipiga kama alivyozoea kupiga chuma. Herufi nyingine hazikutokea, nyingine zikajirudia kwa kuwa kidole kilikawia juu yake, na jioni viungo vya vidole vikamwuma. Husemwa, samaki mkunje angali mbichi. Nasi tukamhesabu mzee kuwa samaki aliyekwisha kauka. Tukamwambia, "Baba, wewe pumzika. Sema tu, sisi tutaandika." Hakujibu neno. Juma lililofuata aliiomba jumuiya imtafute mwandishi mwingine.

Jirani yetu, kijana afanyaye kazi za kompyuta, alipopata habari alileta kibodi tatu za namna nyingine, ambazo kila herufi ina swichi yake yenyewe na springi ndani yake. Akatueleza ya kuwa kampuni ya Cherry ya Ujerumani ilianza kutengeneza swichi za namna ya MX katika miaka ya 1980, nayo huzitofautisha kwa rangi; na watengenezaji wengi wamezifuata rangi hizo. Nyekundu hushuka laini tangu juu hata chini, kwa nguvu kadiri ya uzito wa gramu 45. Kahawia ina kinundu kidogo njiani, kidole hukisikia, lakini haina mlio wake wa kusudi. Buluu ina kinundu na mlio pamoja, nayo ni nzito zaidi, kadiri ya gramu 60.

Mzee akaijaribu nyekundu, akasema, "Hii haina adabu, yalipokea neno sijamaliza kulifikiri." Akaijaribu kahawia: "Hii yanong'ona, nami masikio yangu ni mazito." Kisha akagusa buluu, akaandika jina la marehemu mama yetu, kwa vidole kumi, bila kutazama. "Hii yajibu," akasema.

Ndipo tulipofahamu. Swichi hizi hushuka milimita 4 hata chini, lakini herufi hupokelewa karibu na milimita 2. Utando wa mpira haukumwambia mzee kitu, hivyo alibonyeza mpaka mwisho kwa nguvu zake zote. Mlio wa buluu humwambia, "Yatosha," naye huinua kidole. Baada ya siku chache hakulalamika tena maumivu.

Lakini nyumba yetu ni ndogo. Mtoto wetu alikuwa akijitayarisha kwa mtihani wa darasa la saba, na kelele zile zilimpotezea hesabu. Tukatia pete za mpira chini ya herufi. Zikapunguza kishindo cha chini, ila mlio wa swichi ukabaki, kwa kuwa watoka ndani yake. Tukatandika kitenge chini ya kibodi, kikasaidia kidogo. Mama watoto akanung'unika, nasi tulikuwa karibu kumzuia mzee mara ya pili. Yeye mwenyewe akatutangulia: "Mwanangu, nitaandika asubuhi, watoto wakiwa shuleni." Shauri likaisha. Na jumuiya, ambayo ilikuwa haijapata mwandishi mwingine, ikamrudishia daftari lake.

Katika soko la vinyago hapa Mwenge mafundi hugonga patasi kutwa, wala hatujasikia mtu akimwambia fundi achonge mpingo bila kugonga. Mlio ule umo katika kazi yake. Mbona kwa baba yetu tulisikia kelele tu?

Amri ya kuwaheshimu wazazi twaifundisha darasani kila mwaka, na watoto huikariri vizuri. Kumbe sisi tulikuwa tumemnyang'anya mzee kazi yake, tukadhani twampumzisha. Basi ninyi mlio na wazee nyumbani, kabla hamjasema, "Huyu hawezi tena," kitazameni kwanza chombo mlichompa.