Nambari ya 01 iliyonifunza kuacha kunakili

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nataka kuwasimulia kosa langu mwenyewe, kwa sababu naona vijana wengi wanaoingia katika kazi hii wakilirudia.

Mwaka 2018 nilipata kazi katika chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Meru. Wanachama, wengi wao wakulima wa chai na wafugaji, walikuwa wakituma akiba kwa M-Pesa kupitia nambari ya Paybill, kisha karani anakaa jioni akinakili malipo moja baada ya jingine. Chama kilikuwa kimeanza kutumia Salesforce, ambayo ni CRM, yaani mfumo wa kutunza habari za wateja, nao hukaa kwenye wingu na si katika kompyuta ya ofisini. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha vitu hivyo viwili. Safaricom walikuwa wamefungua API yao iitwayo Daraja mwaka 2017. Mwanachama akilipa, Daraja hutuma ujumbe kwenye anwani uliyosajili, nao wakati ule ulikuwa ukibeba nambari ya muamala, kiasi, akaunti aliyoandika na nambari ya simu. Programu yangu iliupokea, ikaukagua, ikaandika akiba kwa jina la mwenyewe.

Ilifanya kazi vizuri. Miezi michache baadaye chama kingine cha Embu kikasikia, wakaniita. Nikafanya nini? Nikanakili kila kitu, nikabadilisha nembo na nambari ya Paybill, nikapanda matatu kupitia Nkubu, Chogoria, Chuka na Runyenjes, nikamaliza kazi kwa siku mbili. Nilijiona mjanja sana.

Sasa, ndani ya msimbo ule kulikuwa na mstari mmoja mdogo: nambari ya simu sharti ianze na 2547. Wakati ule nani hakujua kwamba simu ya mkononi Kenya huanza na 07? Lakini mwaka 2019 zikaja nambari mpya zinazoanza na 01, na Safaricom wakatoa za 0110 na 0111. Karani wa Meru akanipigia kuniambia malipo fulani hayaonekani. Nikarekebisha ule mstari jioni hiyohiyo, nikalala. Embu sikuikumbuka kabisa.

Januari 2020 mweka hazina wa Embu akanipigia. Kulikuwa na mama aliyenyimwa mkopo wa karo kwa sababu mfumo ulionyesha hajaweka akiba kwa miezi mitatu, na mtoto wake alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Nilifika nikamkuta kwenye benchi, simu mkononi. Alinionyesha ujumbe wa M-Pesa mara tatu: Oktoba, Novemba, Desemba. Laini ilikuwa mpya, ya 0110.

"Mwanangu," akaniuliza, "hii kompyuta yako inasema mimi ni mwongo?"

"Hapana, mama. Kosa ni langu."

Pesa zake zilikuwa zimefika kwenye akaunti ya chama. Ni programu yangu iliyoukataa ujumbe na kuutupa katika faili la makosa ambalo hakuna mtu ofisini aliyejua kama lipo. Tulizitoa humo, zake na za wengine, na mkopo ukapita. Mtoto aliripoti shuleni akiwa amechelewa siku nne.

Niliporudi Meru nilianza upya. Yale ambayo vyama vyote viwili vinahitaji kwa namna moja niliyatoa nikayafanya vipande vinavyojitegemea. Kimoja kinaomba tokeni ya Daraja, ambayo huisha baada ya saa moja. Kingine kinasafisha nambari za simu. Cha tatu kinapokea malipo na kuangalia nambari ya muamala, ili ujumbe ukija mara mbili akiba isiandikwe mara mbili. Vyote vikaingia katika kifurushi kimoja chenye nambari ya toleo, nikakisakinisha Meru na Embu.

Zile tofauti sikuzigusa ndani ya msimbo. Meru mwanachama huandika nambari ya uanachama kama akaunti, Embu huandika nambari ya kitambulisho. Hilo linakaa katika jedwali la mipangilio la kila chama. Na sheria moja nikaiweka juu ya zote: malipo yasiyoeleweka hayatupwi. Yanaingia katika orodha ambayo karani anaiona kila asubuhi akifungua kompyuta.

Baadaye Safaricom walipoanza kuficha nambari ya mlipaji katika ujumbe wa malipo, nilibadilisha kipande kimoja, nikatoa toleo jipya, na vyama vyote viwili vikawa sawa kabla ya chakula cha mchana. Sikupanda matatu.

Lakini nisiwadanganye kwamba kila kitu kifanywe hivyo. Nilijaribu pia kutengeneza fomu moja ya mkopo kwa vyama vyote. Meru wanahesabu bonasi ya chai, Embu hawaihesabu, wadhamini nao wana kanuni tofauti. Fomu ikajaa mipangilio hadi mimi mwenyewe nikapotea ndani yake. Nikaitenganisha tena, na sijutii.

Kwa hiyo ndugu yangu, siku utakapobonyeza kunakili na kubandika kwa mteja wa pili, simama kidogo ujiulize: hili likiharibika, nitakumbuka liko wapi na wapi? Mimi sikukumbuka, na aliyelipia usahaulifu wangu ni mama wa watu kwenye benchi.