Karsha, Kwa Kina Shangazi

Nilipanda hadi kwenye nyumba ya watawa wa kike wa Kibudha ya Karsha nikihema, nikisimama kila hatua kumi, na nilipofika juu sikumkuta mtu. Vijumba vya udongo vilivyopakwa chokaa vimeshikana ubavuni mwa kilima, na milango karibu yote imefungwa. Ilikuwa mwisho wa Agosti. Dereva wangu, aliyebaki chini na sigara yake, alinicheka niliporudi. Akanyoosha kidole mashambani: watawa si wale pale, wanavuna.

Karsha ni kijiji cha bonde la Zanskar, huko Ladakh, kaskazini kabisa mwa India. Ukitoka Kargil unapita kwanza bonde la Suru, nchi ya Waislamu, na "asalaam aleikum" yako inaitikiwa bila mtu kuuliza umetoka wapi. Kadiri unavyopanda, misikiti inapungua na vibendera vya sala vinaongezeka, na salamu inageuka kuwa "jule", neno moja linalotosha kwa hujambo, asante na kwaheri. Unavuka kipito cha Pensi La, mita 4,400 hivi kutoka usawa wa bahari, kisha unateremka kwenye bonde pana la rangi ya kahawia lenye vipande vya kijani penye maji tu. Karsha yenyewe ina kimo cha kukaribiana na kambi ya Horombo kule Kilimanjaro. Mahali ambapo kwetu mpanda mlima analala usiku mmoja na kichwa kinamuuma, hapa watu wanalima shayiri na njegere na kulea watoto.

Basi nikashuka shambani. Watawa unawajua kwa nywele zilizonyolewa na nguo za rangi ya damu ya mzee, zilizofungwa kiunoni ili zisisumbue. Wamechanganyika na kaka zao na mawifi, wanafunga miganda, wanaimba, wanataniana. Mmoja, bibi mwenye uso uliokunjamana kwa jua, alinikaribisha niketi ukingoni mwa mfereji akanimiminia chai. Huko chai huitwa "cha", kwa hiyo nilijiona niko nyumbani, mpaka nilipoionja: ina chumvi na siagi. Kikombe cha kwanza nilikinywa kwa adabu. Cha tatu nilikiomba mwenyewe.

Aliyetutafsiria alikuwa mpwa wake, naye mtawa, aliyesoma miaka kadhaa mjini Dharamsala. Wawili hao wanakaa chumba kimoja kule kilimani, mzee akimfundisha mdogo sala na mdogo akimbebea mzee maji. Kwa Kitibeti mtawa wa kike huitwa "ani", na neno hilohilo ndilo shangazi, dada yake baba. Nilipowaambia kwamba na sisi tuna neno maalumu la mtu huyo, bibi alitaka alisikie. "Shangazi," akarudia, akacheka hadi machozi. Mswahili anamjua vizuri: hakuna arusi wala mazishi yanayokwenda sawa bila yeye.

Kwenye jabali jirani kuna monasteri kubwa ya wanaume, nyeupe, yenye ghorofa juu ya ghorofa. Monasteri hiyo ina mashamba yake, nafaka inaipandia huko huko juu. Watawa wa kike hawakuachiwa urithi wa namna hiyo. Mtawa anakula ghala la nyumba ya kaka yake, naye hulipa kwa kupalilia, kuvuna, na kupanda malishoni kukamua na kusukasuka maziwa yawe siagi. Sikulipenda hilo na sitalipamba. Lakini yapo yanayobadilika: mwaka 2016 watawa 20 walitunukiwa kwa mara ya kwanza shahada ya geshema, elimu ya juu kabisa ya falsafa yao, ambayo kwa karne nyingi ilikuwa ya wanaume peke yao. Mpwa aliitaja habari hiyo polepole, kama mtu anayetaja jina la mchumba.

"Umekuja wakati mbaya," bibi aliniambia. Mwaka wao unaanza pale wa mgeni unapokwisha. Shayiri ikishaingia ghalani na theluji ikifunga kipito, wanawake wanarudi kilimani, na moshi wa samadi kavu unatoka kwenye kila paa. Siku ya 25 ya mwezi wa kumi wa kalenda yao wanawasha taa za siagi kumkumbuka Tsongkhapa, mwalimu aliyefariki mwaka 1419. Mwaka mpya wa Kitibeti ukiingia, inafuata sala kuu ya Monlam: wanaketi kwa safu tangu alfajiri, wanasoma kwa sauti, chai inazunguka, wanasoma tena. Miezi yao hufuata mwandamo kama ya Waislamu, ila mara kwa mara wanaongeza mwezi wa kumi na tatu, hivyo sikukuu ya baridi hubaki kwenye baridi.

Kisha kuna mfungo wa Nyungne, na hapo nilisogea karibu nisikie vizuri. Siku ya kwanza wanakula mlo mmoja. Siku ya pili hawali, hawanywi hata tone, hawasemi, na jua likizama hakuna kufuturu, wanangoja asubuhi. Muda wote huo wanasujudu mwili mzima mbele ya Chenrezig, mungu wa huruma mwenye nyuso kumi na moja, ambaye hekalu lao limebeba jina lake. Masimulizi yanasema aliyeuanzisha mfungo huo ni mwanamke, mtawa Gelongma Palmo, aliyeugua ukoma akafukuzwa na wenzake, akafunga hadi akapona. Wanawake wa kijijini hupanda kufunga pamoja nao. Bibi amefunga mara nyingi kiasi kwamba magoti yake, alisema, yanaijua sakafu kuliko macho.

Jua lilipoegemea milima alisimama, akakung'uta makapi, akanipa kifuko cha unga wa shayiri iliyokaangwa. Nije wakati wa baridi, akaniambia, nitakuta milango iko wazi. Nikamkumbusha kwamba Pensi La huwa imefungwa.

Mpwa alipomaliza kutafsiri, bibi alinitazama kwa mshangao, akauelekeza mundu wake kwenye mto Zanskar unaopiga kelele bondeni. Januari mto huo huganda, na watu hutembea juu yake siku kadhaa hadi njia ya mji wa Leh.

"Barabara si hiyo," akasema, akarudi kwenye miganda.