Jaruba la Vitunguu na Aljebra ya Binti Yangu

Wengi wetu akina mama tuliishia darasa la saba. Mtoto akiingia sekondari, daftari lake la Hisabati hututisha. Shule ya msingi alisoma somo hilo kwa Kiswahili. Sasa kitabu ni cha Kiingereza, na herufi zimechanganyika na tarakimu. Mama unajiuliza, nitamsaidiaje?

Hapa kwetu Singida binti yangu alifika kidato cha pili, mwaka wenye mtihani wa taifa. Jioni moja akaniambia, "Mama, aljebra siiwezi. Naiacha." Neno hilo lilinichoma. Binti akikata tamaa ya shule, watu hawakawii kuja kuzungumzia ng'ombe wa mahari.

Nikamwambia, "Nieleze hesabu hiyo kwa Kiswahili, mwanangu."

Ilikuwa x² + 7x + 12, atafute vigawo vyake. Akasema, "Natakiwa nipate namba mbili. Zikizidishwa zitoe 12, zikijumlishwa zitoe 7."

Tukaanza kuzitafuta pamoja. 1 na 12, jumla 13. 2 na 6, jumla 8. 3 na 4, jumla 7. Basi jibu ni (x + 3)(x + 4).

"Lakini maana yake nini?" akauliza. Nikachora chini jaruba la vitunguu, kila upande hatua x. Tukaongeza hatua 3 upande mmoja na hatua 4 upande wa pili. Jaruba la zamani ni x². Vipande viwili vya pembeni ni 3x na 4x, yaani 7x. Kona iliyobaki ni 3 mara 4, yaani 12. Kumbe kutafuta vigawo ni kujua eneo, kisha kutafuta urefu na upana!

Tukahakikisha kwa kuifanya x iwe 10. 13 mara 14 ni 182. Na 100 + 70 + 12 ni 182 vilevile.

Alama ya kutoa tuliielewa kwa deni. Katika x² + x − 12, namba ni 4 na −3: nina 4, nadaiwa 3, inabaki 1.

Wala michoro hiyo si mchezo wa kitoto. Al-Khwarizmi, mtaalamu wa Baghdad wa karne ya 9, ambaye kitabu chake kimelipa somo hili jina la aljebra, naye alizieleza hesabu za namna hii kwa kuchora miraba.

Mama mwenzangu, si lazima ujue Kiingereza. Mwambie mtoto akufundishe. Akiweza kukueleza wewe, ameelewa yeye. Na kama ni binti, mpunguzie ndoo za maji jioni, apate saa moja ya daftari kama anavyoipata kaka yake.